Nusu ya Kidevu cha Mzee

Damu ile bado inatiririka, msomaji. Tuliiacha wiki iliyopita ikiwa tone moja chini ya sikio la kushoto la Mzee, na nyinyi mlionisimamisha njiani mkiniomba nisimuue, nimewasikia. Hafi. Pengine angekufa ingekuwa nafuu kwake, maana yaliyofuata ndani ya chumba kile cha kunyolea, mbele ya kioo na mbele ya watu, ni aibu tupu.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana ulifungiwa sabuni, nakukumbusha haraka. Mzee ni kinyozi. Upande wake wa kulia umelala tangu augue; mkono unaning'inia tu, na shavu la upande huo hata ukilifinya halina habari. Ana watoto wawili na kiti kimoja. Mkubwa ni binti, wateja wamembandika jina la Mwepesi kwa sababu ya mkono wake, na ndiye aliyeshika wembe na kuilisha nyumba tangu baba aanguke. Mdogo ni Msafi, bwana wa mashati ya kupigwa pasi, aliyejaribu kila kazi, kila kazi ikamtema, akarudi nyumbani na mke na njaa.

Nani aachiwe kiti? Mzee akaitisha shindano. Kila mmoja achague ngozi yake, akate mkanda wake wa kunolea, aulaze wembe wake juu yake mpaka uwe mkali, kisha amnyoe baba nusu ya uso. Wa kumtoa damu ameshindwa.

Msafi alipewa upande wa kulia, ule usiohisi kitu. Akaacha vishungi vya ndevu hapa na pale, lakini damu hakutoa.

Aliyetoa damu ni Mwepesi.

"Unamchinja baba yako!" Shangazi alipiga ukelele. Huyu ni dada yake Mzee, na ndiye aliyekalishwa pale kuwa mwamuzi.

Mke wa Msafi hakupiga ukelele. Alipiga kigelegele. "Yamekwisha! Kiti ni chetu! Wifi, weka wembe chini, upumzike sasa!"

Mwepesi alimpa wifi yake mgongo. Aliukunja mkono wa gauni, akaupitisha wembe kwenye vinyweleo vya mkono wake mwenyewe. Asubuhi wembe huohuo ulivifagia vya mkono wa pili kwa mpito mmoja. Sasa ulivilaza tu, ukapita juu yake.

"Asubuhi ulikuwa unakata," alisema.

"Asubuhi hata mimi nilikuwa na matumaini ya kuwa tajiri," Msafi alijibu, na waliojazana mlangoni wakacheka.

Mwepesi hakucheka. Aliuchomoa mkanda wake kwenye msumari ulio kando ya kiti, akaupapasa kwa kiganja taratibu, kutoka juu kwenda chini. Katikati kiganja kikasimama.

Pale ndipo alipokumbuka. Alipokuwa akinoa mara ya mwisho, mbele ya watu, kitu kilikwaruza. Kidogo sana. Alidhani ni woga wake.

"Mkanda huu umeharibiwa," alisema.

"Ah!" Wifi alidakia. "Aliyeshindwa hakosi la kusema. Ngozi uliichagua mwenyewe, sasa ngozi ina kosa!"

Msomaji, hapo Wifi alikanyaga pabaya. Nirudi nyuma kidogo, mnivumilie, maana mkanda ule haukuokotwa jaani.

Siku Mwepesi alipokwenda kutafuta ngozi, Fundi Viatu alimtolea kipande cha kwanza kwa madaha. Mwepesi akakishika ncha mbili, akakivuta.

"Hii ni ya tumboni."

"Umejuaje?"

"Inavutika. Nikinolea hii italegea katikati kama kitanda cha kamba, na wembe utapoteza makali badala ya kuyapata."

"Haya, hii?"

"Ya shingoni. Ina makunyanzi."

"Na hii?"

"Ina matundu ya kupe. Hata ukiyapaka nta mimi nayaona."

"Dada, unanunua ngozi au unachagua mume?"

"Mume nikikosea nitamwacha. Mkanda nikikosea utamkata mtu shingo."

Fundi Viatu alicheka mpaka akakohoa, akaenda nyuma, akarudi na kipande alichojiwekea mwenyewe. Ngozi ya mgongoni, karibu na mkia. Nene, kavu, haijapakwa rangi. Mwepesi akaikunja, haikuacha mstari. Akaipapasa, iliushika mkono kidogo, kisha ikauachia. Akajua amepata. Kila jioni aliisugua kwa kiganja mpaka kiganja kikawaka moto, ili ilainike bila kujaa mafuta.

Msafi naye alikwenda palepale. "Nipe inayong'aa," alisema. Akapewa ngozi ya mikoba, imepigwa rangi mpaka unajiona sura. Wembe ulipita juu yake kama unavyopita juu ya sahani, na ukatoka vilevile ulivyoingia.

Sasa turudi kwenye damu.

"Fundi Saa," Mwepesi aliita. "Hebu njoo uangalie."

Fundi Saa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa maneno machache. Kile kioo chake cha kutazamia saa kilikuwa bado kimebanwa jichoni. Akauinamia mkanda. 

"Kuna vumbi limesuguliwa ndani ya ngozi," alisema. "La kijivu. Limeingia hasa."

Mwepesi aliinama kwenye rafu ya chini, ubavuni mwa kiti, kilipo kinoo, lile jiwe la kunolea. Chini ya kinoo huwekwa kisahani cha kukinga unga wake. Akakiinua. Kilikuwa kimefutwa, na alama za vidole zimebaki.

Tangu akiwa mdogo baba yake alimfundisha kunawa mikono kila akitoka kushika kinoo, kabla hajaigusa ngozi. Punje moja tu ya jiwe hilo ikiingia kwenye mkanda, kila ukinoa unautia wembe mapengo. Aliyefanya hivi aliijua kazi.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake ilitisha kwa upole wake, "ungeniomba kiti ningekufikiria. Kwa nini umefanya hivi?"

"Mimi?" Msafi alirudi nyuma mpaka akagonga kioo. "Dada, naapa! Mimi hata kinoo kinawekwa wapi sijui!"

Na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii, ndugu zangu, Msafi alisema kweli tupu.

"Mchana nilikwenda kuleta taulo," Mwepesi alisema. "Nilimwacha baba peke yake kwenye kiti. Nani aliingia?"



"Nisingependa kuingilia ya familia," Fundi Saa alisema, akikitoa kile kioo jichoni, "lakini nilimwona shemeji huyu. Aliingia ananyata, akatoka mbio."

Macho yote yakamgeukia Wifi. Kigelegele kilikuwa kimekwisha zamani. Aliubana mkoba kifuani, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu Shangazi aliuvuta kwa nguvu zote, ukafunguka, ikadondoka chupa ya mafuta ya nywele, ikabingirika mpaka miguuni mwa Mwepesi.

"Mafuta ya nywele!" Shangazi alisema. "Na kichwani umejifunga kitambaa tangu juzi!"

"Ndiyo!" Wifi aliangua kilio. "Nilikuja kuumwagia mafuta mkanda wake! Uloe, uteleze, ashindwe! Mume wangu hana kazi, mngetaka nifanye nini? Lakini sikuumwagia! Chupa hiyo, imejaa! Niliwahiwa!"

Shangazi aliiokota chupa. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Uliwahiwa na nani?"

Wifi alifuta machozi kwa kiganja. Hakumtazama Shangazi. Alitazama kiti.

"Na baba," alisema.

Shangazi aliinua mkono kumzaba kofi. "Unamsingizia mgonjwa! Mtu wa mkono mmoja!"

"Sisingizii! Nilimkuta ameuma mkanda! Kwa meno, shangazi, kama mbuzi aliyekuta kamba! Mkanda uko msumarini, ncha nyingine iko mdomoni, na mkono wa kushoto unaupeleka wembe juu na chini, juu na chini. Na anatabasamu! Nilidhani kapata wazimu. Nikakimbia."

Wengine walianza kucheka. Mwepesi aliwanyamazisha kwa kuugeuza tu mkanda.

Fikiria mwenyewe, msomaji. Mkanda wa kunolea unataka mikono miwili, mmoja wa kuunyoosha na mwingine wa kuendesha wembe. Mwenye mkono mmoja aunyooshe kwa kitu gani?

Kwenye ncha ya ngozi ile nzuri palikuwa na alama za meno. Zimepangana sawasawa, juu na chini, na katikati pana pengo.

Pengo lile linajulikana mtaa mzima. Mzee hupigia mluzi hapo.

"Kaka," Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Hebu fungua mdomo."

Mzee hakufungua. Povu lilikuwa linakauka kwenye nusu ya uso wake, na damu imechora mstari hadi kwenye kola. Aliutazama mkanda mikononi mwa binti yake. Alipofungua mdomo hatimaye, hakujitetea. Aliuliza.

"Ngozi hii uliipata wapi?"

"Baba?"

"Ni ya mgongoni. Karibu na mkia. Mimi maisha yangu yote nimenolea ngozi za mabega, sijapata kama hii. Vumbi la kinoo nilikuwa nalo tayari, kwenye kisahani mapajani. Nikasema hapana, niionje kwanza. Mara moja tu. Nikaweka wembe wangu juu yake." Macho yake yaling'aa kweli, mzee asiye na haya. "Uliimba, mwanangu. Wembe uliimba."

"Uliimba, halafu ukautia mkanda vumbi."

"Halafu nikautia vumbi."

Nakwambia, mimi ninayesimulia nimewahi kukutana na wezi, na waongo, na watu waliouza nyumba za yatima. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeionja kazi ya mtoto wake, akaipenda, kisha akaiua.

"Kwa nini, baba?" Mwepesi aliuliza. "Kiti ni chako. Ungesema tu nampa Msafi. Ningelia, ningenyamaza, yakaisha."

"Watu wangesemaje? Mtaa mzima unajua nani amenilisha." Akaongeza, "Nilitaka ushindwe mwenyewe. Nisiwe mimi niliyekunyima."



"Nisikilize," Mzee aliendelea, sasa akisihi. "Wewe una mikono. Ukitoka hapa leo, kesho kuna mtu atakupa wembe. Huyu mdogo wako bila kiti hiki ataishia barabarani. Mimi mzazi. Nimempa asiyeweza."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuweza."

"Sikusema hivyo."

"Umefanya hivyo. Nimekuogesha, nimekulisha kwa kijiko, nimewanyoa wateja wako kwa jina lako, na upande wa uso usiohisi kitu ukampa yeye. Mimi ukanipa wa kutoka damu."

Mzee aliinamisha macho. Wapo mliokuwa mkimwonea huruma tangu sura ya kwanza. Endeleeni kama mnaweza. Mimi nimechoka naye.

Mwepesi alimgeukia Msafi. "Haya. Umesikia. Kiti chako. Asante humwambii?"

Ajabu ni kwamba Msafi hakuwa na uso wa mtu aliyepewa. Shati lake la pasi lilikuwa limelowa kwapani. Alikuwa akiutazama mlango kila mara, kama mtu anayemsubiri mgeni na anamwomba Mungu asije.

Mgeni akaja. Wakaja wawili, wapagazi, mabega mapana, mmoja ameshika kamba.

"Hodi! Kiti chenyewe ndicho hiki?" aliuliza mwenye kamba.

"Kiti gani?" Shangazi akasimama.

"Hiki cha kuzunguka. Tumetumwa na tajiri wetu aliyekinunua pamoja na chumba. Kaka huyu hapa alisema leo jioni kitakuwa wazi." Akamnyooshea Msafi kidole bila hiyana yoyote. "Na hicho kioo tutakirudia kesho. Chumba kinageuzwa duka la simu."

Hapo hata Wifi alinyamaza kulia. Alimtazama mume wake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Hakuwa na habari.

"Umekiuza?" Mzee alisema. "Kabla ya shindano? Ulijuaje utashinda?"

"Wewe si uliniambia nisiwe na wasiwasi?" Msafi alifoka, na machozi yakamtoka palepale. "Ulinikonyeza, baba! Nikajua umeshapanga! Lakini mimi kunyoa siwezi. Nikishika wembe mikono inatetemeka, tangu utotoni. Dada anajua, mke wangu anajua, wateja wanajua. Hujui wewe tu. Ulitaka nisimame hapa niwakate watu masikio mpaka lini?"

"Kiti changu," Mzee alisema. "Nimekaa nacho tangu hujazaliwa."

"Mzee, samahani," mpagazi wa kamba alisema kwa adabu. "Tunaomba usimame."

Kusimama peke yake hawezi. Aliunyoosha mkono wa kushoto hewani, kama anavyofanya kila siku akitaka kuinuliwa, na kila siku mkono ule hudakwa kabla haujachoka. Aliunyoosha kumwelekea Mwepesi. Ukabaki hewani. 

"Mwanangu," alisema. "Sema kitu. Waambie."

Wote walimtazama Mwepesi. Shangazi alimtazama, wapagazi walimtazama, na Msafi pia, maana Msafi tangu azaliwe hajawahi kuharibu kitu ambacho dada yake hakukitengeneza.

Mwepesi aliukunja mkanda mara mbili.

"Subirini nje," aliwaambia wapagazi. "Hajamalizwa."

"Dada, gari linangoja."

"Ana povu upande mmoja. Mtamtoa hivyo barabarani? Tokeni. Wote. Msafi, mtoe mkeo. Shangazi, na wewe."

"Mimi ni mwamuzi," Shangazi alisema.

"Umeshaamua, shangazi. Toka."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Walitoka. Fundi Saa alikuwa wa mwisho, na alipogeuka kutaka kusema neno alikuta mlango umerudishwa usoni mwake. Wakasikia komeo. Kisha pazia la dirishani likavutwa, lile la maua lililoshonwa na marehemu mama yao.

Ndani walibaki wawili na kioo.

Mwepesi aliuweka mkanda mapajani mwa baba yake. "Shika. Uliupenda."

Wembe uliomtoa damu aliutupa kwenye ndoo. Akafungua droo, akatoa wembe wa zamani wa Mzee, wenye mpini wa pembe, ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Akaufungua.

Mkanda wa kunolea ulikuwa wapi? Mkanda wake ulijaa vumbi. Mkanda wa Msafi ni pambo la mkoba, na ule wa zamani wa Mzee uliondolewa kupisha shindano. Basi alifungua kiganja chake cha kushoto, akaulaza wembe juu yake, akaupeleka na kuurudisha, mgongo mbele, makali nyuma, taratibu, bila kukitazama. Vinyozi wa zamani walifanya hivyo. Kiganja chake ndicho ngozi pekee iliyobaki chumbani mle bila vumbi.

Nje, Wifi alitega sikio mlangoni. "Ananoa," alinong'ona.

Sauti ile iliendelea. Halafu ikakoma.

"Mwepesi," Mzee alisema. Kwa jina hilo hakuwahi kumwita. Lilikuwa la wateja. "Unafanya nini?"

"Nakunyoa, baba."

"Umekasirika."

"Ndiyo."

"Kinyozi aliyekasirika hashiki wembe. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha pia kunawa mikono nikitoka kwenye kinoo."

Alisimama nyuma ya kiti. Kwenye kioo Mzee aliuona uso wa binti yake juu ya kichwa chake, na chini ya uso ule aliuona mkono, mwepesi kama zamani, hautetemeki hata kidogo. Alijaribu kuyasoma macho yake. Maisha yake yote amewatazama watu kwenye kioo kile na kujua wanataka nini kabla hawajasema. Ya huyu hakuyajua.

"Inua kidevu, baba."

Maneno hayo Mzee amewaambia watu wazima na watoto, matajiri na wachovu, na wote walimwinulia bila kufikiri, wakamwachia shingo zao. Sasa aliambiwa yeye. Aliushika mkanda kwa mkono wake mmoja, akakibana kidevu kifuani, na hakukiinua.